Marehemu Bi Pimbi Aenda Ofisi ya Ushuru

Nagonga!

*Gonga!*

Nagonga tena!

*Gonga tena, tupo!*

Nimebeba gunia la uongo.

*Litue, tulifungue, tugawane!*

Ahaa. Basi sogeeni. Wewe Mwanakheri, endelea kumenya mihogo, mikono na masikio havigombani. Najua wapo watakaosema ngano haisimuliwi mchana, msimulizi huota mkia. Lakini mvua hii imetufungia ndani, tufanyeje? Mkia wangu ukianza kuchomoza, mtaniambia.

Palikuwa na nchi ya mawe mekundu, na mfalme wa nchi ile alikuwa Simba. Simba mwenyewe hakukaa kule. Alikaa mbali, ikasikika ngurumo yake tu. Aliyekaa kule ni Fisi, na Fisi ndiye aliyekuwa Mkuu wa Ushuru.

Sheria ya ushuru ilikuwa fupi. Aliye hai hulipa kwa mikono yake: mizizi, asali, mayai, alichonacho. Aliyekufa hulipa kwa mwili wake. Na mwili huo uende kwa nani?

*Kwa Fisi!*

Mmejuaje? Kwa Fisi, naam.

Katika mwamba mmoja aliishi Bi Pimbi, mjane, na wanawe watatu. Pimbi mnamjua. Mnyama wa mawe, mdogo, hana pembe, hana makucha ya maana, hata mkia hana. Bi Pimbi alilipa ushuru wake kila mwezi ulipoandama. Hakuchelewa, hakupunguza. Aliiogopa ofisi ile kama mtu anavyoiogopa radi.

Asubuhi moja alikuwa akiota jua na wanawe. Mara juu yao, fwaaa, fwaaa, fwaaa! Tai akatua mbele yao. Tai alikuwa tarishi wa Ushuru. Akakunjua gome la mti, akasoma kwa sauti kavu:

"Bi Pimbi wa Mwamba Mwekundu amefariki. Wanawe watatu wamefariki. Pango lao ni mali ya Ushuru. Mizoga itachukuliwa siku ya tatu, jua likiwa utosini."

Bi Pimbi akatazama nyuma yake, labda kuna pimbi mwingine. Hakuna.

"Baba Tai," akasema, "Bi Pimbi ni mimi. Nakusikia. Nakuona. Sijafa."

"Mimi husoma tu," Tai akasema.

"Basi nitazame!"

"Mimi husoma tu. Mwenye shida aende ofisini." Akakunja gome lake, akaruka, fwaaa, fwaaa, na kivuli chake kikapita juu ya watoto, mmoja mmoja.

Kitinda, yule mdogo wa mwisho, akauliza, "Mama, mizoga ni nini?"

Bi Pimbi aliwaingiza wote pangoni, akasukuma jiwe mpaka likaziba mlango, akawaambia kwa ufa mdogo uliobaki, "Msitoke. Akiita yeyote, msiitike. Hata akiita kwa sauti yangu, msiitike."

Kisha akaenda. Mbio, mbio, anasimama. Mbio, mbio, anasimama. Kila kivuli kilimrusha moyo.

Ofisi ya Ushuru ilikuwa boma la miiba, limezungushwa likazungushika, lina mlango mmoja mzito wenye tundu. Mbele ya mlango walikaa wanyama wengi wakisubiri. Walikaa kimya. Hata watoto wao walikuwa kimya. Ndani ya boma palitoka harufu, na kila upepo ulipogeuka wote waliinamisha vichwa.

Bi Pimbi akaenda mlangoni. Ngo, ngo, ngo.

Tunduni ikatoka sauti tamu: "Karibu Ushuru! Mwenye mzigo agonge mara moja. Mwenye barua agonge mara mbili. Mwenye shida agonge mara tatu, asubiri."

Bi Pimbi akagonga mara tatu. Ngo, ngo, ngo.

"Tafadhali subiri. Wewe ni muhimu kwetu." Kisha yule mwenye sauti akaanza kupiga mluzi. Fi-fiu-fi! Fi-fiu-fi! Wimbo ule ule, tena na tena, jua likapanda, jua likashuka. Fi-fiu-fi!

"Ndugu yangu uliye ndani," Bi Pimbi akaita, "wameniandika nimekufa. Nataka mtu mmoja tu anitazame."

"Tafadhali subiri. Wewe ni muhimu kwetu. Fi-fiu-fi!"

"Nina watoto!"

"Fi-fiu-fi!"

Jua lilipokaribia kuzama sauti ikasema, "Asante kwa kusubiri. Tumefunga." Kimya.

Kando yake palikuwa na Mzee Kobe, magamba yameota ukoka. Bi Pimbi akamgeukia. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usijichoshe koo. Huyo ni Kasuku. Amefundishwa maneno yake, mengine hana."

"Na wenye kazi wako wapi?"

Kobe akaingiza kichwa kidogo. "Sisi hatumwoni mtu. Humsikia tu Mkuu akicheka."

Na kweli, wakati ule ule, ndani ya boma: hi hi hiii! Wote wakalala chini kwa pamoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Bi Pimbi alilala chini pia. Hakujua alilalaje, alijikuta tu uso wake umo vumbini.

Siku ya pili alikuwa pale kabla jogoo hajawika. Akagonga mara tatu. Akapigiwa mluzi. Akagonga mara mbili, akaambiwa apitishe barua. Barua hana. Akalia. Kasuku akamwambia, "Asante kwa maoni yako." Mchana Bi Kanga mmoja aliyekuwa mstarini alijitosa, akaupiga mlango kwa mabawa yake, papapapa, akipiga kelele, "Fungueni! Nimewaletea mayai mwaka mzima, mnasema sijaleta hata moja! Fungueni!" Mlango ukafunguka kidogo, upana wa kiganja. Mkono ukatoka. Mlango ukafungwa.

Wanyama wote walitazama pale alipokuwa Bi Kanga. Palikuwa na unyoya mmoja wenye madoa meupe.

"Tafadhali subiri," Kasuku akasema.

Jioni ile Bi Pimbi akamwuliza Kobe, taratibu sana, "Mzee, umewahi kuuona mlango huu ukifunguka wote?"

"Mara moja. Mvua za mwaka juzi. Nyumbu alikuja kutoa habari ya ndugu yake aliyekufa kule bondeni. Alipotaja tu mzoga wa nyumbu, mlango ukafunguka wote, na Mkuu mwenyewe akatoka mbio." Kobe akaunyoshea mlango shingo. "Mlango huu, mwanangu, hausikii kilio. Unasikia harufu ya nyama."

Bi Pimbi akarudi kwa watoto akifikiri. Hakulala.

Siku ya tatu, asubuhi, alipokuwa akipita bondeni, akamwona Bibi Tembo amelala kwenye tope, kama anavyolala kila asubuhi, ubavu mmoja juu. Nzi wamemjaa masikioni. Hatikisiki. Bi Pimbi akasimama, akamtazama sana. Kisha akashika njia ya bomani, kwa sababu alikuwa amepata la kufanya, na lilikuwa baya kuliko kusubiri.

Akafika mlangoni. Hakugonga mara tatu. Aligonga mara moja tu.

Ngo!

"Karibu, mwenye mzigo! Taja mzigo."

"Tembo."

Mluzi haukupigwa. Wanyama mstarini wakainua vichwa.

"Taja... taja kama ni nusu au mzima," Kasuku akasema.

"Mzima," akasema Bi Pimbi. "Tembo mzima. Yuko kwenye tope la bondeni. Amelala ubavu. Nzi wamemjaa masikioni."

Ndani pakasikika kitu kikubwa kikisimama. Ti, ti, ti. Komeo likavutwa, kraaa. Mlango ukafunguka wote.

Fisi akasimama pale. Jamani, ni afadhali mlango ungebaki umefungwa! Shingo kama gogo, taya kama mtego wa chuma, na macho yanacheka wakati mdomo haucheki.

"Nani ameleta tembo?"

"Mimi, Bwana Mkuu."

"Ingia."

Bi Pimbi akaingia. Chini mifupa ilivunjika miguuni mwake, kacha, kacha. Hapakuwa na makarani, hapakuwa na mabaraza. Palikuwa na Kasuku juu ya kijiti, na kitabu kikubwa cha ngozi, na Fisi.

"Jina?"

"Pimbi. Wa Mwamba Mwekundu."

Fisi akalamba kidole, akafunua kurasa. "Pimbi... Pimbi... Hapa. Umekufa."

"Ndivyo nilivyosikia, Bwana Mkuu."

"Na wanao watatu wamekufa."

"Na hilo nililisikia."

Fisi akasogea. Akamnusa kuanzia kisigino mpaka sikio. Pumzi yake ilikuwa ya moto, na meno ya Bi Pimbi yaligongana yenyewe, kiki kiki kiki. "Mzoga una joto," Fisi akasema. "Nilikuwa nikufuate saa sita. Umejileta. Umenipunguzia safari."

Akafungua kinywa.

"Bwana Mkuu!" Bi Pimbi akasema, na sauti yake ilitoka nyembamba kama uzi. "Mimi ni tonge moja. Tembo ni chakula cha msimu. Lakini nani atakuonyesha alipo? Maiti haonyeshi njia."

Kinywa kikabaki wazi.

"Na Simba akikuuliza, mzoga huu mkubwa namna hii ulikuwa wapi, nani shahidi, utamjibu nini? Utamwambia nilionyeshwa na marehemu?"

Kinywa kikafumba polepole. Mate yakadondoka kwenye kitabu, to, to, to.

"Maneno haya yana akili kuliko mwenye nayo," Fisi akasema. Akachovya ukucha kwenye masizi, akakata mstari juu ya jina. "Haya. Uko hai mpaka jioni."

"Na wanangu, Bwana Mkuu. Nao ni mashahidi. Mmoja mmoja."

Akakata. Kata, kata, kata.

"Na gome la kumwonyesha Tai. Yeye husoma tu."

"Unanichelewesha!" Fisi akanguruma. Lakini pua yake ilikuwa imeshaelekea bondeni. Akachukua gome, akaandika *hai, wanne*, akapiga kiganja chake cha masizi, pwa! Bi Pimbi akalibana gome lile kwa meno. Fisi akatoka mbio, mlango akauacha wazi, wala hakutazama nyuma.

Wakaenda. Bi Pimbi mbele, Fisi nyuma. Bi Pimbi mbele, pumzi ya Fisi shingoni mwake.

"Tembo asipokuwepo," Fisi akasema, "jioni yako ni sasa hivi."

Wakafika topeni.

Tembo hayupo.

Lilikuwepo shimo tu, kubwa kama nyumba, maji yanaanza kujaa. Bibi Tembo alikuwa ameshaamka, akaenda zake. Nyuma ya Bi Pimbi hakukuwa na sauti, na ule ukimya wa Fisi ulikuwa mbaya kuliko kicheko chake. Kisha mkono mzito ukamkanyaga mgongoni.

Bi Pimbi akatema gome, akalishika kwa mkono, akasema neno la kwanza lililomjia. "Wamekutangulia!"

"Nani?"

"Tazama alama, Bwana Mkuu! Tazama majani yalivyolala! Kitu kizito kimepita hapa. Kimekwenda kwa miguu yake, kweli? Au kimeburutwa? Mimi sijui, mimi ni mdogo. Nani mwingine anajua habari za mizoga kabla yako? Nani huona kutoka juu?"

Fisi akatazama njia iliyopondwa kwenye vichaka. Akatazama mbinguni. Mbinguni hapakuwa na tai hata mmoja. Na kumbe tai walikuwa wapi? Nyamazeni, nitafika.

"Tai," Fisi akasema. "Matarishi wangu mwenyewe."

Na huko mbele, ndani ya kichaka kinene, kacha! kacha! matawi yalikuwa yakivunjika, na kitu kikubwa cha kijivu kilikuwa kinakwenda polepole, nyuma yake tu ndiyo inaonekana.

"Wanamburura!" Fisi akapiga kelele. "Wezi! Mzoga wangu!" Akamwacha Bi Pimbi, akaruka kichakani, akaudaka mkia kwa meno yote, akajikita miguu, akavuta. "Achieni! Ni wangu! Umeandikwa!"

Kichaka kikanyamaza.

"Ni nani," ikauliza sauti kutoka juu kabisa, "aliyeniandika?"

Fisi akajua kwamba sauti ile si ya tai. Akataka kuachia mkia, taya zikakataa, zilizoea kushika. Bibi Tembo akageuka, na Fisi akageuka naye hewani, vuuu! Mkonga ukamshika. Chini, pu! Juu, vuuu! Chini, pu! Tangu siku hiyo mgongo wa Fisi umeinama nyuma, na yeyote akimwuliza, husema ni baridi ya mifupa.

Bi Pimbi hakukaa kutazama. Gome kwa meno, mbio! Jua lilikuwa linakaribia utosini. Akapita mbele ya boma, wale wanyama bado wamekaa mstarini, mlango uko wazi mbele yao, wanautazama.

"Mwango uko wadhi!" akapiga kelele, gome mdomoni. "Ingieni! Hamna mtu!"

Hakusimama kuona kama wameelewa. Mbio, mbio, hasimami. Kivuli kikipita, hasimami. Akapanda mwamba.

Tai wote walikuwa pale. Duara, kimya, mabawa yamekunjwa kama makoti. Wawili walikuwa wakilivuta jiwe kwa midomo, kwaru, kwaru, na upande mmoja ulikuwa umeshafunguka. Mmoja alikuwa ameingiza shingo yake ndefu ndani ya pango.

Na watoto, ndani, hawakulia. Walikuwa wameambiwa wasiitike.

"Baba Tai!" Bi Pimbi akaliweka gome chini. "Soma."

Tai mkubwa akainama. Alisoma polepole. Alisoma mbele, akasoma nyuma. Akanusa masizi ya kiganja. Yule mwenzake shingo yake bado imo pangoni.

"Hai," Tai akasema. "Wanne."

Shingo ikatoka. Fwaaa, fwaaa, fwaaa. Wakaondoka wote, hakuna aliyeaga, hakuna aliyeomba radhi.

Kesho yake jioni Mzee Kobe alifika, amekuja polepole kuleta habari. Wanyama waliingia ofisini, akasema, mmoja mmoja, wakinyata. Walikifungua kitabu. "Majina yetu sote yalikuwemo, mwanangu. Mimi nilikufa zamani, tangu ukoka huu haujaota. Digidigi amekufa. Kunguru amekufa. Mstari mzima ulikuwa wa marehemu, tukiitwa muhimu kila asubuhi." Kila mmoja alichovya ukucha kwenye masizi akajikata jina. Jina la Bi Kanga walilikuta. Hilo hawakulikata.

Kobe alipoondoka, Kitinda alipanda mapajani mwa mama yake, akamgusa pua kuona kama ina joto.

"Mama, sasa wewe ni mzima?"

"Ni mzima. Gome limesema."

"Na kabla ya gome?"

Bi Pimbi akamkumbatia, akaendelea kutazama juu.

Mnataka kujua Fisi alipata adhabu gani? Alipata. Siku ya saba ngurumo ikasikika kutoka mbali, na tangazo likasomwa kwenye kila mwamba: Bwana Fisi, kwa utumishi wake wa miaka mingi, amepandishwa cheo. Amehamishiwa Idara ya Maziko.

Gunia langu limeisha. Lililodondoka njiani muokote, lililobaki mkononi ni lenu, mimi nadai muhogo mmoja wa kuchemsha.

Na funzo? Ngano lazima iwe na funzo, ama sivyo mama zenu watasema nimewapotezea mchana. Basi funzo ndilo hili: ukiwa na shida na wakubwa, kaa mstarini, uwe na adabu, usijaribu ujanja wowote, nao watakusikiliza kwa wakati wao. Wewe ni muhimu kwao.

Mnacheka nini? Haya, nani atanitazamia huku nyuma? Nahisi kuna kitu kinawasha.